Kitako kipya, darubini ya zamani: namna ya kupanga bunduki ya sindano mbele ya kumkaribia mnyama



Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja, anayemaliza masomo ya udaktari wa mifugo kule Butembo, alinipigia simu. Pale anapofanya staji wana bunduki ya gesi ya kurusha sindano za kulaza wanyama. Kitako chake kilivunjika, na wamepata fundi wa kuwatengenezea kingine. Akaniuliza: "Yaya, kubadilisha kitako si ni skrubu mbili tu?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mimi skrubu mbili hizo zilinigharimu dume la mutu. Kwa hiyo nimeamua kuandika kila kitu hapa, ili yeye asome, na wengine pia munaosoma mifugo, mazingira, hata fizika, mupate faida.

BUNDUKI YA SINDANO NI NINI?

Ni bunduki isiyotumia baruti. Inasukuma sindano kwa nguvu ya gesi, mara nyingi ile gesi ya kaboni inayowekwa katika vinywaji kama soda. Sindano yenyewe ina dawa ndani, ncha ya chuma mbele, na mkia wa manyoya au plastiki nyuma ili iruke sawasawa. Ikigonga nyama, dawa inasukumwa ndani. Wazo hili lilikuzwa katika miaka ya 1950 na Colin Murdoch, mfamasia na daktari wa mifugo wa mji wa Timaru, New Zealand. Mbele ya hapo, kumkamata mnyama mkubwa kulikuwa ni kamba, mbio na mashimo. Hata kwetu Ituri, pale Epulu, okapi wa zamani walikamatwa kwa mashimo yaliyofunikwa majani.

Siku hizi kazi hii iko karibu yetu sana. Katika mbuga ya Garamba, jimbo jirani la Haut-Uélé, tembo wanalazwa ili wavishwe kola za kuwafuata kwa setilaiti. Mwezi wa Juni 2023 vifaru weupe 16 waliletwa pale kutoka Afrika Kusini. Munafikiri kifaru anapanda ndege kwa kubembelezwa? Kuna mutu alipiga sindano, na alipiga mahali panapofaa.

Kwa tembo na kifaru madaktari wanatumia etorfini, dawa ya ukoo wa mofini lakini yenye nguvu zaidi ya mara 1000 kuliko mofini. Tone dogo likiingia mwilini mwa mutu linaweza kumuua, ndiyo maana hakuna anayeifungua kama dawa ya kuirudisha haiko tayari pembeni. Kwa ng'ombe tunatumia zaidi ksilazini. Hiyo nayo ina siri yake: ng'ombe anaisikia sana, kipimo chake ni kama sehemu moja ya kumi ya kipimo cha farasi. Na ng'ombe aliyelala ubavu, kichwa chini, anaweza kuvimba tumbo kwa gesi na kutapika mpaka chakula kiingie katika mapafu. Shikeni hili neno, nitalirudia.

ILE SIKU YA BOGORO

Nilikuwa nimetoka masomoni, na diploma ilikuwa bado inanukia wino. Muzee mmoja, mwashi wa zamani aliyejenga nyumba nyingi hapa Bunia, alikuwa na ng'ombe wachache katika vilima vya upande wa Bogoro. Dume lake lilinaswa na waya wa mtego. Waya ulikuwa umekula mguu mpaka karibu na mfupa, na dume lilikuwa kali, hakuna mutu aliweza kulisogelea. Muzee alikuja kutuona: "Docta, hili dume ni la mahari ya mutoto wangu. Munisaidie."

Bunduki tuliyokuwa nayo ilikuwa imeanguka kutoka kwenye pikipiki, kitako kikapasuka. Fundi mmoja wa mbao alitutengenezea kingine kwa libuyu, mbao ile nyekundu inayotoka upande wa Mambasa. Kazi nzuri kwa macho, inang'aa kama kiti cha askofu. Nikafunga skrubu, nikarudisha darubini pale ilipokuwa, nikarusha sindano tatu za maji kwa umbali wa mita 15. Zote zilipiga kulia kwa sentimita 5 hivi, upana wa vidole vitatu. Nikajiambia: "Ni mkono wangu umechoka." Twende.

Dume lilikuwa mita 30, kwenye mteremko, limeelekea kulia. Nilichagua katikati ya paja. Nikafyatua. Sindano ikaenda mbele ya paja, katika ubavu laini wa tumbo. Dawa haikuingia katika msuli. Dume halikulala haraka kama inavyopaswa, lilitembea nusu limelewa karibu dakika 20, likaanguka ndani ya korongo, ubavu chini, kichwa upande wa bondeni. Mpaka tuteremke na kamba, tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma. Lilikufa mikononi mwetu.

Muzee hakupiga kelele. Alikaa juu ya jiwe muda mrefu. Halafu akaomba kuona bunduki. Akaniambia niishike kama nilivyoishika wakati wa kupiga. Nikaishika begani. Akatoa katika mfuko wake nivo ndogo ya uwashi, ile yenye kichupa cha maji na pofu ya hewa, akaiweka juu ya bunduki. Pofu ikakimbilia pembeni. Akasema: "Docta, mi sijue mambo ya bunduki. Lakini hiki kitu chako iko nalala ku upande. Ukuta ukilala hivi, nyumba inaanguka."

Baadaye tulipima vizuri: karibu digrii 8 kulia. Kitako kipya kilichongwa kikiwa kimejipinda kidogo. Kilipokaa vizuri begani mwangu, bunduki yote ililala. Na pale kilimani, mteremko ulidanganya jicho langu, sikuona kwamba msalaba wa darubini nao umelala.

HESABU INAYOELEZA KILA KITU

Wengi wanafikiri kitako ni mapambo, kwamba kinachopiga ni mtutu na darubini. Tuchukue kalamu.

Risasi ya bunduki ya kawaida inaweza kwenda mita 800 kwa sekunde. Kwa mita 30 inafika mbele hujapepesa jicho, na uzito wa dunia unaivuta chini kwa chini ya sentimita 1. Sindano yetu ni tofauti. Tuseme inakwenda mita 60 kwa sekunde. Mita 30 zinachukua nusu sekunde. Katika nusu sekunde, kitu chochote kinaanguka mita 1 na sentimita 22. Musistuke: ni ile formula ya shule, nusu ya 9,8 mara muda mara muda.

Maana yake, ili sindano ifike, mtutu lazima uelekezwe juu sana kuliko unapotazama. Darubini ndiyo inayoficha pembe hiyo: jicho linaangalia paja, mtutu unaangalia juu ya mgongo. Sasa ukilaza bunduki kulia, ule "juu" wa mtutu unageuka kuwa "juu na kulia". Kwa digrii 8, kwa mita 30, sindano inapotoka kulia karibu sentimita 17 au 18. Kwa mita 15 ni sentimita 5 tu, kwa sababu kule mtutu hauhitaji kuinuka sana.

Munaona? Vidole vitatu nilivyovidharau pale kwenye mazoezi ndivyo vilivyokuwa ugonjwa wenyewe, nao ulikuwa unaniambia jina lake.

Umbali nao ni hivyo hivyo. Kama darubini imepangwa kwa mita 30 na mnyama yuko mita 25, sindano itapita juu kwa zaidi ya sentimita 15. Akiwa mita 35, itaanguka chini kwa zaidi ya sentimita 20. Kosa la hatua tano linatosha kukutoa kwenye msuli na kukupeleka kwenye mfupa, au kwenye tumbo.

SASA, KAZI YENYEWE: HATUA KWA HATUA

1. Karatasi kwanza. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kitu chochote chenye mtutu kinaangaliwa kama silaha. Silaha nchini kwetu zina sheria yake, ordonnance-loi namba 85/035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Usingoje kizuizi barabarani ndipo uanze kueleza kwamba hii ni ya sindano. Tembea na ruhusa ya wakuu, barua ya kazi, na bunduki ikiwa ndani ya mfuko wake, bila gesi. Na uende kwanza kwa chifu wa kijiji. Ile siku ya Bogoro watoto walipoona mtutu walikimbilia porini, mama mmoja akaacha chungu juu ya moto. Hapa Ituri hakuna mutu anayengoja kuuliza bunduki ni ya namna gani. Hiyo pia ni sehemu ya kosa langu: sikuwaambia watu mapema.

2. Ondoa gesi, ondoa sindano, hakikisha mara mbili. Ndipo ushike turnevisi. Siku ya kufunga kitako, dawa isiwe hata katika chumba hicho.

3. Urefu wa kitako. Kunja mkono, weka sehemu ya nyuma ya kitako katika kikunjo cha kiwiko. Kidole cha kufyatulia kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Kitako kirefu kinakufanya unyooshe shingo kama bata, kifupi kinakuletea darubini kwenye nyusi. Kwa timu yenye watu warefu na wafupi, ni afadhali kitako kifupi kidogo chenye vipande vya kuongeza nyuma.

4. Urefu wa shavu. Hii njo sehemu inayosahauliwa zaidi. Funga macho, weka shavu juu ya kitako kama unalala juu ya mto, halafu fungua jicho. Lazima uone picha nzima ya darubini, duara bila kivuli pembeni. Ukihitaji kuinua kichwa, kitako kiko chini: ongeza kipande cha ngozi au sponji. Ukihitaji kukandamiza shavu, kiko juu: kipunguzwe. Jicho lisilokaa katikati linaleta paralaksi, yaani msalaba unaonekana kutembea juu ya shabaha wakati bunduki haijatembea. Ili kuipima, laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, tikisa kichwa taratibu, utaona mwenyewe.

5. Mbao na chuma. Mbao mbichi inajikunja ikikauka. Mwambie fundi achague mbao iliyokauka miezi mingi, na apake mafuta hata ndani ya matundu ya skrubu, si nje tu. Chuma kikae ndani ya kitako bila kucheza. Mtutu usiguse mbao pembeni: pitisha karatasi kati yake na mbao, ikikwama, mbao ikunwe. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, si moja mpaka mwisho. Halafu weka alama ya rangi juu ya kila skrubu na ubavu wake. Barabara zetu munazijua. Alama ikihama, skrubu imelegea.

6. Nivo na timazi. Hapa namushukuru Muzee maisha yangu yote. Ning'iniza timazi ya mwashi ukutani, uzi wenye uzito chini. Laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, weka nivo juu ya chuma, si juu ya kitako, mpaka pofu ikae katikati. Angalia ndani ya darubini: mstari wa wima wa msalaba ufuate uzi wa timazi. Kama haufuati, legeza pete, zungusha darubini, kaza tena. Mpaka hapo umepanga bunduki. Bado mutu. Iweke begani kama kawaida, macho yamefungwa, mwenzako aangalie nivo. Pofu ikikimbia, kitako ndicho kibaya: kirudi kwa fundi. Usijifundishe kupinda mwili ufuate mbao. Leo mimi nina nivo ndogo sana iliyofungwa moja kwa moja kando ya darubini, naiona kwa jicho la kushoto.

7. Mazoezi kwa sindano za maji. Zijaze maji mpaka uzito uwe sawa na wa sindano ya dawa, pima kwa mzani. Anza mita 10, halafu 15, 20, 25, 30. Kila umbali piga tano. Andika umbali, kipimo cha gesi kwenye manometa, na mahali sindano zilipogonga. Hiyo ndiyo karatasi yako. Karatasi ya kitako cha zamani itupe, kwa sababu jicho na bega lako havikai tena pale vilipokuwa. Na kama zote tano zinapiga upande mmoja, usilaumu mkono, usikimbilie kuzungusha kifundo cha darubini. Rudi kwenye hatua ya 6.

8. Gesi na jua. Gesi hii inapanda nguvu ikipata joto. Bunduki iliyoachwa juani haipigi kama ile ya kivulini. Soma manometa mbele ya kila sindano, hata kama uliisoma dakika tano zilizopita.

9. Porini. Pima umbali kwa kipima-umbali cha leza. Kama huna, pima kwa kamba mapema kutoka mti mpaka mti pale mnyama anapopenda kupita. Macho ya kilimani ni waongo. Lenga msuli mkubwa wa paja, mnyama akiwa ametulia, amekupa ubavu au nyuma. Angalia nyuma yake kuna nani. Angalia pia ataangukia wapi: korongo, mto, barabara? Kama karatasi yako inaishia mita 30, na mnyama yuko mita 36, hakuna sindano. Subiri, au rudi kesho.

10. Akilala. Kwa ng'ombe, kimbieni mumuweke juu ya kifua, si ubavu, shingo juu na mdomo ukiangalia chini ili mate yatoke. Funika macho. Mutu mmoja kazi yake iwe pumzi tu, kuhesabu na kusema kwa sauti. Dawa ya kumrudisha iwe imeshavutwa katika sindano mbele hamujaanza.

TUNAPOJIFUNZA

Dume lile nililipa. Dola 600, kwa vipande, miezi kumi. Muzee alipokea kila mwezi, anahesabu, anaandika katika kitabu chake, ananipa chai. Harusi ya mutoto wake ilisogezwa mwaka mzima, na binti aliyekuwa anangoja, familia yake ilianza kusema maneno. Mimi nilikuwa nafikiri nimeharibu shabaha. Kumbe nilikuwa nimegusa watu ambao sijawahi kuwaona.

Mwezi wa mwisho nilipomaliza deni, Muzee alinitolea ile nivo yake akanipa. Nikakataa, nikamwambia ni chombo chake cha kazi. Akasema: "Mi nilishaacha kujenga. We bado uko najenga."

Wenzangu, tunatoka masomoni tukiwa na vichwa vimejaa. Mimi nilijua kipimo cha ksilazini kwa kila kilo, nilijua majina ya misuli yote ya paja kwa Kifaransa. Chombo kilichokuwa mkononi mwangu ndicho sikukijua, na alama ya sentimita 5 iliponiita, nilikuwa na haraka. Muzee hakusoma udaktari, lakini hakuna ukuta aliowahi kuupandisha bila kuweka nivo kwanza.

Basi mdogo wangu, jibu langu ni hili: ndiyo, ni skrubu mbili. Zikaze. Halafu tafuta timazi, mfuko wa mchanga, sindano 25 za maji na asubuhi nzima isiyo na haraka. Kama wakubwa wako wa staji wanasema hakuna muda, waambie mnyama angoje. Ukimaliza, nipigie unisomee karatasi yako, umbali kwa umbali. Nitaisikiliza mpaka mwisho.